Propela Iliyotoka Pwani

Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba 2025, ndiyo siku mambo yalipomharibikia Darweshi. Ziwa Naivasha lilikuwa limeshapanda hadi kwenye madirisha ya mtaa wao, pumu ikawa imembana mkewe Safiyo tangu alfajiri, na boti ya kamati ya mafuriko ikaja kuwachukua pamoja na majirani na magodoro yao. Ambulensi ilingoja ng'ambo, penye lami. Boti ikanguruma, ikainua pua kama ng'ombe anayevutwa kwenda josho, ikakataa kukimbia. Wangu, mwanamke aliyeiendesha, alifungua mafuta hadi mwisho akipiga kelele, "Haiinuki juu ya maji! Aki haiinuki!" Walipita polepole kando ya mgunga mkavu uliosimama majini, na ndege weusi waliojaa juu yake hawakujisumbua hata kuruka. Hapo ndipo mkono wa Safiyo ulipolegea ndani ya mkono wa mumewe.

Wakubwa wa kamati walikuja matangani na viatu vinavyong'aa. Mmoja akasema ni magugu maji. Mwingine akasema ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu ndiye alinunua hiyo boti?" Darweshi akauliza, na watu wakamvuta shati akae chini.

Akahamia Kaptembwo kwa dadake, akawa mpakiaji wa mizigo mjini Nakuru. Wangu hakumsalimu tena. Wakubwa aliwalaani kila alipoinua gunia, na magunia yalikuwa mengi.

Siku moja alipeleka mzigo kwa Nimesh, mwenye duka la pampu na injini za boti. Ukutani propela zilining'inia kwenye misumari, nyingine pana, nyingine zimejikunja kama masikio ya mbwa. Darweshi akatua katoni, akakodoa macho.

"Boss, hizi si zote kazi yake ni moja? Mbona hazifanani?"

Nimesh, ambaye Jumapili huenda kuvua Naivasha, alipenda sana kuulizwa swali hilo. Akachomoa skrubu mbili kwenye droo.

"Angalia, mzee. Hii meno yake yameachana. Ukizungusha mara moja inazama sana, lakini mkono utauma. Hii meno yamebanana. Inazama kidogo, lakini ni laini. Propela ni skrubu ya maji. Hii namba ya mwisho iliyochongwa kwenye propela inakwambia mzunguko mmoja ungesukuma boti inchi ngapi."

"Kwa hivyo namba kubwa ndiyo kali."

"Kama injini ina nguvu. Lori likijaa mzigo, unapanda mlima wa Mai Mahiu na gia ya nne?"

"Labda nikitaka kurudi kinyumenyume."

"Basi umeelewa. Na huku kwetu ni juu, hewa ni nyepesi. Injini iliyokimbia vizuri Mombasa, ikifika hapa inakosa pumzi."

Darweshi akashika propela moja, akaizungusha kwa kidole. "Hata injini hukosa pumzi?"

"Hata injini, mzee."

Neno hilo akaondoka nalo. Alitaka kujua jambo moja tu: kama ile boti ingeweza kukimbia siku ile. Jumapili ilipofika, aliingia pikapu ya Nimesh, propela mbili zikigongana miguuni pake.

Wangu alikuwa gatini akifuta viti. Alipomwona akasimama wima.

"Mzee Darweshi. Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kuangalia propela."

"Afadhali ungenipiga, ningejua imeisha."

Darweshi akapanguza tope kwenye propela ya boti kwa kidole gumba. Namba ya mwisho: kumi na tatu. Wangu akasema boti ililetwa kwa lori kutoka Pwani na propela yake hiyo hiyo. Siku ya uzinduzi alimbeba mgeni wa heshima na mpiga picha peke yao, na ikaruka kama swala.

"Siku hiyo ilibeba hotuba tu," Darweshi akasema.

Nimesh alitaka kuipima tupu kwanza. Darweshi akakataa katakata. Wakajaza magunia mchanga, wakayapanga kama watu walivyokaa, mengine mbele palipokuwa na magodoro. Kwenye nafasi ya Safiyo Darweshi akaweka gunia, akakaa kando yake.

"Ukifungua mafuta yote, mshale upite elfu tano," Nimesh akasema akionyesha mita ya mizunguko.

Mshale ulifika elfu nne ukagoma. Pua juu, mkia chini, injini ikikoroma. Wangu akageuza uso. "Ni hivi. Ndivyo ilivyokuwa."

Wakafunga propela ya namba tisa. Boti iliinuka mara moja, lakini injini ikapiga mayowe na mshale ukapita alama nyekundu.

"Punguza! Utaiua!" Nimesh akafoka. "Hii ni kama baiskeli yenye gia nyepesi. Miguu inaenda, barabara haiendi."

Ikabaki ya kumi na moja. Boti ikasitasita, ikajikaza, halafu pua ikashuka na maji yakaanza kuteleza chini yao. Mshale ukapita elfu tano ukatulia. Mgunga ukawajia mbio, na ndege wote weusi wakaruka kwa mpigo. Darweshi alikuwa ameshika sikio la lile gunia. Alipogeuka kuwatazama tena ndege, boti ilikuwa imeshagusa nchi kavu.

Wangu akazima injini. "Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama," Darweshi akasema, kisha akamsalimu. "Salama lakini?"

"Salama, mzee." Akalia.

Kumi na moja ikaachwa kwenye boti. Jumatatu Darweshi akaibeba ile ya Pwani hadi ofisi ya kamati, akaitua mezani kwa katibu, tope na yote.

"Mzee, boti ilipimwa," katibu akasema. "Tulipiga sahihi wote."

Darweshi akamuuliza neno moja. Katibu akaigeuza propela, akaitazama huku na huku, akasema atarudi na jibu. Bado iko mezani pale, inazuia karatasi zisipeperuke, na kila Jumatatu Darweshi huenda kusimama mbele ya katibu na swali lake lile lile: siku mlipoipima boti, mlimpakia nani?