Kilio cha Hakimu

Katika miaka thelathini na moja ya kazi, Nusu Saa alikuwa amekufa mara arobaini na sita. Alipigwa risasi, akanyweshwa sumu, akatumbukia kwenye shimo la lifti, na mara moja alikanyagwa na ngamia ambaye naye alikuwa mgeni kama yeye. Jina hilo walimbandika waigizaji wenzake: filamu ikifika nusu saa, yeye keshaondoka. Sura yake ilikuwa ya kigeni, na waongozaji hawakuona haja ya kuuliza ni ugeni wa wapi. Aliigiza watu wa nchi kumi na nne. Nchi yake mwenyewe hakuiigiza hata siku moja, na wala hakulalamika. Kazi ni kazi.

Mara moja tu aliachwa aishi mpaka mwisho. Alikuwa hakimu aliyemfunga mtu asiye na hatia, na katika dakika za mwisho anakaa ofisini peke yake akilia. Kilio kile ndicho kilichomtoa. Mpaka leo watu humsimamisha barabarani: "Wewe si yule hakimu? Hebu lia kidogo!"

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, hakimu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja dukani kwa binti yake. Binti ni fundi wa miwani. Kutwa anapima nyuso za watu: umbali wa jicho na jicho, mgongo wa pua, sikio lipi limepanda kuliko mwenzake. Kwa sura ya mtu, humdanganyi.

"Jumamosi naolewa," alisema huku akikaza skrubu ya fremu, "na bado sijaamua nani atasimama kusema maneno ya mzazi. Wewe au mjomba."

"Mjomba wako? Yule akishika kipaza sauti anatetemeka mpaka nacho kinatetemeka!"

"Ndiyo. Lakini akitetemeka, najua anayetetemeka ni yeye."

Binti hakuinua macho.

"Kwenye mazishi ya mama ulisema vizuri sana, Baba. Kabla ya sentensi ya mwisho ukanyamaza. Nilihesabu. Sekunde nne, zilezile unazonyamaza jukwaani. Na kuna mtu kule nyuma akapiga makofi."

Makofi yale Nusu Saa aliyakumbuka. Ila sasa, akijaribu kukikumbuka kimya kile, hakujua kipi kilitangulia. Alinyamaza kwa sababu koo lilimkaba, au koo lilimkaba kwa sababu alinyamaza? Mke wake alikuwa ndani ya sanduku, hatua tatu tu mbele yake. Mtu anawezaje kutojua jambo kama hilo? Machozi yakamtoka palepale, akayafuta.

Binti akaweka bisibisi mezani.

"Huyo ni hakimu."

"Mwanangu, mimi..."

"Nyuma ya kiganja, kutoka shavuni kwenda juu. Jicho la kulia kwanza, halafu la kushoto, mkono uleule. Filamu ile nimeitazama mara kumi na moja. Ulipokuwa safarini, baba niliyekuwa naye nyumbani ni huyo tu." Akachukua tena bisibisi. "Mimi simtaki hakimu Jumamosi. Namtaka baba. Ijumaa nitaamua."

Mkono wa Nusu Saa ulikuwa bado hewani. Mteja mmoja akaingia, akamtazama, uso ukamkunjuka kwa furaha. "Samahani, mzee, wewe si yule..."

"Siye," akajibu, na siku hiyo hakuwa na hakika kama amesema uongo.

Jumatano mchana, kwenye chumba cha kuvalia cha ukumbi wa maigizo, alikaa mbele ya kioo akitafuta uso wa baba wa bibi harusi. Nyuma yake alikuwepo mvalishaji, mama mtu mzima waliyemwita Mama Pini kwa sababu pini zake alizihifadhi mdomoni, na bado alizungumza kuliko wote.

"Huyu nani?" Nusu Saa aliuliza, akitabasamu.

"Mwalimu mkuu. Mchezo wa mwaka juzi."

Akalegeza mdomo, akainamisha kichwa. "Na huyu?"

"Yule daktari wako wa kutangaza vifo."

Alijaribu nyuso sita, na Mama Pini akazitambua zote bila kutema pini hata moja. Si ajabu, maana hivyo ndivyo Nusu Saa alivyofanya kazi: kila alipopewa mtu wa kuigiza, alimwazima mtu wa kwao. Mwendo alimwazima mchinjaji wa mtaa wao. Kikohozi cha mwalimu mkuu kilikuwa cha mwalimu wake mwenyewe. Kwa shangazi yake aliazima namna ya kukataa huku anatikisa kichwa kukubali. Miaka thelathini na moja ya kuazima, na sasa mtu anamwambia atoe cha kwake. Atakitoa wapi?

"Na kile kilio cha hakimu," Mama Pini akauliza, "ulimwazima nani?"

Siku ya kupiga filamu ile Nusu Saa alikuwa amepanga kilio kingine kabisa, cha jirani aliyefiwa na ng'ombe. Kamera ilipowaka, kikatoka hiki.

"Sijui," alisema. "Wallahi sijui."

"Basi waulize kwenu. Na usinyooshe shingo, kola inapinda."

Alhamisi asubuhi akampigia simu dada yake mkubwa. Dada alikuwa anatafuna kitu, na hakuacha.

"Dada, mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nachekaje?"

"Umelewa?"

"Nakuuliza kweli."

"Wewe mtoto hukuwa na kicheko chako. Ulikuwa unacheka cha watu. Mgeni akija nyumbani, kabla hajaondoka umeshakuwa yeye. Ulichapwa sana kwa hilo."

Nusu Saa akajihisi amekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Na kulia?"

Kutafuna kukakoma. "Kulia unalia kama Baba."

"Baba hakuwahi kulia! Hata siku naondoka, alinishika mkono kituoni, akaniambia nisichelewe kula, akageuka akaenda zake."

"Wewe ulipanda basi, ukaona umeona yote. Asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilibaki. Alizunguka nyuma ya ghala akidhani hakuna mtu, akalia mpaka mabega yakamtikisika. Anajifuta kwa nyuma ya mkono, kwenda juu, jicho la kulia kwanza. Filamu yako ilipofika huku nilipiga ukelele, majirani wakaja mbio. Nikasema, kumbe naye alimwona!"

"Sikumwona, Dada."

"Hukumwona?"

"Basi lilikuwa limeshaondoka."

Wote wawili wakanyamaza. Yeye hakuhesabu.

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ukipiga simu unaulizia mvua."

Ijumaa alirudi dukani. Mtu aliyeweza kukariri kurasa arobaini kwa siku mbili alishindwa kusimulia jambo la dakika tano. Alianzia kwenye ghala, akarudi kwenye basi, akamtaja ng'ombe wa jirani ambaye hakuhusika kabisa, akaomba radhi, akaanza upya. Binti alimtazama usoni kama anavyowatazama wateja.

"Ni hadithi nzuri," alisema mwishowe.

"Mpigie shangazi yako."

"Nitampigia."

"Mimi hata sijui imekaaje. Unaazimaje kitu ambacho hukukiona?" Akasimama, akatafuta kofia yake, kumbe ameishika. "Mpe mjomba asimame. Nitakaa kiti cha mbele, sitasema neno. Nakupenda, mwanangu, hilo tu nalijua. Lakini ukiniuliza limetoka wapi, nitakudanganya."

Binti aligeukia meza ya kujaribia miwani, yenye kioo kipana, akajifanya anapanga fremu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Mabega yakamtikisika. Mkono wake ukapanda: nyuma ya kiganja, kutoka shavuni kwenda juu, jicho la kulia kwanza.

Wote wawili waliona, ndani ya kioo. Mkono wa binti ukasimama hewani.

"Nimekuiga wewe," alisema haraka. "Mara kumi na moja, Baba. Lazima nimekuiga."

"Labda."

"Au?"

"Sijui."

Alibaki akijitazama, amechanganyikiwa kama baba yake, kisha akauacha mkono umalizie jicho la kushoto.

"Kesho usiandike kitu," akasema. "Simama tu. Ukikwama, kwama. Sitahesabu."