Picha za Mama Vifungo

Kadi za mwaliko zilikuwa sitini, na Mama Vifungo alikuwa ameapa kwamba hakuna hata moja itakayotoka nyumbani bila kifungo chake. Binti yake, mchoraji, alizikata mwenyewe kwa wembe na rula kutoka karatasi nene ya rangi ya maziwa, akazipanga juu ya meza ya cherehani. Katikati ya kila kadi aliandika maneno manne makubwa: Picha za Mama Vifungo. Chini yake siku, saa na ukumbi. Jina lake mwenyewe alilibana pembeni kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa.

"Mbona umejificha?" mama aliuliza.

"Sijajificha, Mama. Kadi yenye maneno mengi hakuna anayeisoma."

"Haya. Msomi ni wewe."

Wazo la vifungo lilikuwa la mama, na hakuchoka kulikumbusha. Kwa miaka arobaini ya ushonaji alikuwa akibakiza kifungo kimoja kutoka kila vazi lililopita mikononi mwake, akakitia kwenye kopo. Kichwa chake kilikuwa daftari: hiki cha sare ya muuguzi, kile cha koti la harusi la fundi viatu. Kila jirani alishonewa kwenye kadi kifungo kinachomhusu. Wageni wa ukumbini, ambao hakuwajua, walipata vyovyote vilivyobaki.

Alishona huku akilalamika kwa raha zake. Miaka miwili mizima, kila Jumapili, binti alikuwa amemkalisha dirishani ili amchore. "Wenzangu wanapumzika, mimi natumikia kifungo," alizoea kusema, na hakuna Jumapili hata moja aliyochelewa kukaa. Zilitoka picha ishirini na mbili, na zote ni yeye: anatia uzi kwenye sindano, amesinzia na futi shingoni, mdomo umejaa pini.

Jumanne alizunguka mtaani kugawa kadi za majirani. Alianzia kwa fundi viatu, ambaye alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kisha akamtazama kama anamwona leo.

"Picha za Mama Vifungo! Kumbe unachora?"

Lugha yetu ina ukarimu wa kutuponza. Picha zako ni ulizochora, na ni ulizochorwa, na hata ulizonunua dukani, zote ni zako. Mama Vifungo alifungua mdomo amweleze. Lakini fundi viatu alikuwa ameshasimama, amemshika mkono kwa mikono yake miwili yenye gundi. "Hongera sana, mama! Nilijua tu, mikono hii haiwezi kuishia kwenye pindo."

Mdomo ukafungwa.

Tusimhukumu haraka. Ukiona vyaelea, vimeundwa, wahenga walisema, ila watu hawamtafuti aliyeviunda. Gauni likipendeza, anayesifiwa ni aliyelivaa. Miaka arobaini Mama Vifungo alikuwa amesimama pembeni kwenye sherehe za watu, akizitazama nguo zake zikipigiwa vigelegele, na hakuna aliyewahi kuishika mikono yake namna ile. Ilikuwa tamu. Aliona haya jinsi ilivyokuwa tamu.

Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuguzi alimsimamisha njiani. "Na kadi kakutengenezea binti? Nimeona jina lake hapa pembeni. Mmejaliwa!"

"Tunasaidiana," alijibu Mama Vifungo, na moyoni akajisamehe kwa kuwa hilo halikuwa uongo. Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri, na hakuwa na haraka ya kukivua.

Ijumaa, siku moja kabla ya ufunguzi, binti alikuwa akipiga pasi gauni lake, akaiweka pasi kando.

"Mama, unajua ninachokisubiri? Mtu asimame mbele ya picha, anigeukie, aniulize, 'Hizi umechora wewe?' Basi. Miaka tisa nasubiri swali hilo tu."

Sindano ilimchoma Mama Vifungo kidoleni. Alitaka kusema, akanyonya kidole badala yake.

Jumamosi saa kumi alasiri majirani walifika ukumbini wamependeza, nusu yao kwa nguo alizoshona yeye. Walimpita binti pale mlangoni, wakaenda moja kwa moja kumkumbatia mama. Fundi viatu alimkabidhi binti kadi yake kama mtu anavyomkabidhi bawabu, na waliomfuata wakaiga. Binti alizipokea zote. Alitabasamu, lakini alikuwa ameanza kuelewa, na macho yake yalimtafuta mama yake kati ya watu.

"Mama Vifungo!" fundi viatu alipaza sauti. "Msanii wetu, tupe neno!"

Watu wakapiga makofi. Mama Vifungo aliiangalia picha iliyokuwa mbele yake, ile ya mdomo uliojaa pini. Kisha akamwangalia mwanawe, mikono imejaa kadi.

"Miaka arobaini nimewashonea," alisema. "Mnavaa, mnasifiwa, na hakuna anayemuulizia fundi. Hilo limeniuma, sikuwahi kusema. Na wiki hii nimefanya yale yale. Nimevaa kazi ya mwanangu, nikajishaua nayo mtaani. Picha hizi ni zangu kwa sababu niliyechorwa ni mimi. Fundi mwenyewe ni yule, mmemgeuza bawabu."

Mama Vifungo alitamani sakafu immeze. Muuguzi ndiye aliyesogea kwanza. Alikwenda hadi mlangoni, akazichukua kadi zote mikononi mwa binti, akaziweka juu ya kiti, kisha akaigeukia picha ya mama aliyesinzia na futi shingoni. Aliiangalia kwa muda mrefu.

"Hizi umechora wewe?"

"Ndiyo," binti alisema. "Zote." Akacheka huku machozi yanamtoka, akamfuata mama yake pale alipokuwa amesimama peke yake, akamshika kiuno. "Nawe Mama, ungeniambia tu ningeandika jina kubwa."

"Msomi ni wewe," mama alijibu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Fundi viatu, kwa aibu, alikwenda kwenye kiti akaitafuta kadi yake. Alikikodolea macho kifungo, akakigusa, kisha akakilinganisha na vile vya koti lake la harusi, ambalo lilikuwa limembana tumboni lakini alikuwa amelivaa siku hiyo.

"Mbona hiki ni cha koti langu?" aliuliza. "Nani kakishona hapa?"

Mama Vifungo alinyoosha mgongo.

"Hicho," alisema, "nimeshona mimi."