Koti Lisilokumbatia

Mimi ni fundi wa karakana katika chuo cha ubunifu wa mavazi, na kwa miaka ishirini na mbili nimeona vijana wakifundishwa kila kitu isipokuwa kushona. Kushona, wanasema wakufunzi, ni kazi ya mikono, na mbunifu hufanya kazi ya kichwa. Basi wanafunzi huja karakana na vichwa vyao, wakaazima mikono yangu. Sheria ya chuo inanikataza kugusa kazi ya mtihani ya mwanafunzi yeyote, hata kumtilia uzi sindanoni, na adhabu yake ni kufukuzwa kazi. Nimeivunja kila mwaka. Mtu akisimama mlangoni akaniambia, "Mama fundi, mikono yako ina baraka," mimi hoi. Huo ndio ugonjwa wangu, na nausema mapema msije mkadhani nawacheka wengine kwa kuwa mimi ni msafi.

Mtihani wa mwisho ni hivi: kila mwanafunzi anapanda jukwaani na vazi moja alilolibuni, mwenzake amelivaa, anashika kipaza sauti na kuwaeleza majaji msukumo wake. Msukumo ndilo neno kubwa pale chuoni. Hakuna anayeuliza kama zipu inafunga. Akishamaliza, anabaki palepale jukwaani ili amkosoe anayefuata, maana wakufunzi wanaamini kukosoana hukomaza akili. Kwa kawaida hukomaza chuki tu.

Mwaka huu kulikuwa na donge nono. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimeahidi nafasi ya mbunifu, moja tu, kwa atakayeshinda. Na miongoni mwa waliokuwa wakiiwania alikuwemo binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea mwenyewe tangu akiwa na miaka sita. Ana jicho la fundi na mkono wa fundi, lakini ulimi wake mzito, na chuoni walimpa jina la Bubu. Kwake sikugusa hata uzi mmoja. Alinikataza mwenyewe, na koti lake alikuwa analishonea chumbani kwake, mlango umefungwa.

Asubuhi ya mtihani, binti akiwa amekwenda ukumbini kupanga viti, akaja karakana yule kijana tunayemwita Falsafa. Falsafa hajui cherehani inawashwa wapi, lakini ukimuuliza saa ngapi atakueleza kwanza wakati ni nini. Alikuja na koti lisilo na mikono, mikono yenyewe kaibana kwapani. Nilimwambia hapana. Wiki iliyopita tu alikuwa ameliona koti la binti yangu akasema ni sare ya mfagizi, na mimi kisasi sikisahau upesi. Nikamwambia hapana mara ya pili. Ndipo akataja baraka.

Nikashona huku nimekunja uso, nikimsimanga kimoyomoyo kuanzia kola hadi pindo. Nusu saa, kazi imekwisha, akatoka mbio.

Saa nane ukumbi ulikuwa umejaa, watu kama mia mbili kwenye viti vya plastiki, na majaji watatu mezani mbele. Nami nikakaa pembeni, pamoja na pasi yangu, nisubiri atakayekunjika.

Wa kwanza alileta suruali ya mguu mmoja. Mguu wa pili uliishia juu ya goti. Akaeleza kwamba msukumo wake ni upungufu, kwamba sote tunatembea nusu, nusu nyingine tunaitafuta. Mimi nilikuwepo siku alipoukata mguu ule: alisoma futi upande wa sentimita akidhani ni inchi. Jaji wa kushoto akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepata habari za msiba. Wa pili alileta gauni la mifuko ya saruji, akasema anayapa sauti maumivu ya ukuta. Msichana aliyelivaa alikuwa akijikuna tangu anatoka nyuma ya pazia, na naamini maumivu yake yalikuwa makubwa kuliko ya ukuta wowote, ila yeye hakupewa kipaza sauti.

Kisha akapanda binti yangu. Koti lilikuwa la buluu, la kitambaa kigumu cha kazi, na hata kutoka pembeni niliona mishono imekwenda sawa kama mstari wa rula. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wahenga hawakusoma chuo kile.

"Hili ni koti la kazi," alisema. "Mama mdogo wangu ana bega bovu, hawezi kuinua mkono. Kwa hiyo nimeweka vifungo begani, analivaa bila kuinua mkono. Basi."

Ukumbi ukasubiri. Jaji wa kushoto akamuuliza, na msukumo wako je?

"Bega," akajibu.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Bega lile linaniuma mwaka wa nne sasa na sijawahi kulalamika mbele yake. Sikujua kwamba ananitazama ninavyovaa nguo, wala sikujua koti lile lilikuwa langu. Nilisikia moyo umejaa, nikajifanya nakagua waya wa pasi.

Akafuata Falsafa. Kijana aliyevaa koti lake alitoka nyuma ya pazia na mikono imevutwa nyuma kama mtu aliyekamatwa na askari. Alijaribu kuileta mbele, ikagoma. Mara moja nikajua nimefanya nini. Mkono wa koti una mbele na nyuma. Kiwiko kinapinda upande mmoja tu. Mimi, kwa hasira zangu, nilikuwa nimeshona mkono wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Falsafa alilitazama koti, akameza mate mara moja, akashika kipaza sauti.

"Koti hili linakataa kukumbatia," alisema. "Tunakumbatia watu kabla hatujajijua. Nimeirudisha mikono nyuma ili mtu abaki kwanza na kifua chake."

Jaji wa kushoto aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima ya jirani. Watu walipiga makofi. Kisha binti yangu akaambiwa amkosoe mwenzake. Alilisogelea koti, akashika bega, akapapasa kiwiko, akapindua kwapa na kutazama ndani.

"Mikono imebadilishana," alisema. "Wa kulia umeshonwa kushoto. Ni kosa."

Kicheko kiliruka tena. Falsafa akatabasamu kwa huruma, akasema wapo watu wanaotazama sanaa kwa vidole. Lakini jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, hakucheka. Aliivua miwani. Akasema kama ni kosa, basi ukumbi mzima ni huyu binti pekee aliyeliona, na kiwanda kinahitaji jicho la namna hiyo. Kama si kosa, basi amemvunjia mwenzake heshima bure. Akageuza shingo, akauliza fundi wa karakana yuko wapi, aje akate shauri.

Nikapanda jukwaani. Nilishika mkono wa koti kana kwamba ndiyo kwanza nauona. Falsafa alikuwa anatoka jasho, na macho yake yalikuwa yananiambia waziwazi kwamba tukizama, tunazama wote. Neno moja tu lilitakiwa, kosa, na mwanangu angepata kazi. Baada yake lingefuata swali: nani ameshona?

Ningependa kusema niliogopa kufukuzwa. Ningekuwa na nafuu. Lakini fundi hakosi pa kuweka cherehani, nami nalijua hilo. Kilichonizuia ni kwamba kosa lilikuwa langu, na macho ya watu mia mbili walionijua kuwa mwenye mikono ya baraka yalikuwa yananitazama.

"Si kosa," nilisema. Ningeishia hapo ingekuwa dhambi ndogo. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, na ulimi ukateleza wenyewe. "Mkono una mbele na nyuma, kama mtu alivyo na kesho na jana. Mbunifu huyu ameipeleka kesho nyuma na jana mbele. Fundi wa kawaida asingethubutu."

Ukumbi mzima ulisimama. Katika miaka ishirini na mbili sikuwahi kupigiwa makofi, na Mungu anisamehe, niliinamisha kichwa kupokea. Nyani haoni kundule. Nilipoinua uso, binti yangu alikuwa bado ameshika kwapa la lile koti, ananitazama mimi, si koti. Falsafa akapewa nafasi ya kiwandani.

Nilimkuta binti yangu karakana akifunga mkasi wake na chaki zake kwenye kitambaa. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza sheria ya chuo, nikamweleza kazi zilivyo adimu, nikamweleza kwamba hata ningesema kweli wangedhani na lake nimemshonea mimi. Nilieleza kwa utaratibu, hoja juu ya hoja, na yeye akaendelea kufunga.

"Mama mdogo, uzi wa koti lile umefungwa mafundo mawili kwa ndani," alisema nilipomaliza. "Mafundo mawili unafunga wewe tu. Niliyaona kabla sijasema chochote, nikajua utasimama upande wangu."

Akatia kifurushi kwapani, akaenda mlangoni.

"Lakini umeeleza vizuri," alisema. "Pale jukwaani hata mimi nilikaribia kuamini."