Bawa la Gari la Posa

"Mama Saida, huyu mkwe anakuja kuoa au anakuja kuruka?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu Mokami, siku ya posa, amesimama kwenye ua wetu hapa Nyamisangura na ungo wake wa ulezi. Gari jekundu lilikuwa mlangoni kwangu, Korola ya kawaida kabisa, ila juu ya buti limefungwa bawa jeusi, refu kama benchi la zahanati.

"Mkwe bado," nikamwambia. "Kwanza tuwasikilize."

"Sisi Wakurya tunaletewa ng'ombe, tunaona pembe zinakuja. Ninyi mmeletewa mkia," akasema, akarudi kupepeta ulezi wake.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imepamba moto. Kijana akibahatika shimoni alinunua gari kabla hajanunua kitanda, na gari lisilo na bawa lilionekana kama jogoo aliyenyonyolewa. Abdillah wa Mugumu hakuwa mchimbaji. Yeye aliwauzia wachimbaji sululu, karai na tochi. Nilikuwa nimemchunguza muda mrefu. Anaswali, anaamkia wazee, na Saida wangu alikuwa anampenda ingawa hajasema. Jambo moja tu lilinisumbua: lile bawa. Mume wangu alifia katika gari la mtu mpenda mbio, barabara ya Sirari, na tangu siku ile nilimwahidi Mwenyezi Mungu kwamba binti yangu sitamkabidhi kwa mtu wa mbio.

Wageni wakaingia. Mshenga alikuwa Faridu, mjomba wake Abdillah, mtu mwenye maneno kuliko redio. Upande wetu alikaa shemeji yangu Jumaa, baba mdogo wa Saida na ndiye walii wake wa ndoa. Abdillah kwa desturi hakutakiwa kuwepo, mposaji husemewa, lakini ndiye peke yake aliyejua kuendesha. Basi akaketi kizingitini, macho chini, kama si yeye anayeposa.

Faridu akamsifu kijana. Akalisifu duka. Kisha akafika kwenye gari.

"Na lile bawa, dada, msilione pambo. Gari likishika kasi, upepo unalikandamiza kwa nyuma, matairi yanang'ang'ania barabara. Mia na arobaini, halitikisiki. Leo tumetoka Mugumu, chai ya asubuhi bado ya moto tumboni."

Jumaa akaguna. Mimi nikaweka tasbihi yangu mkekani.

"Mia na arobaini," nikasema. "Ndivyo anavyokwenda?"

Faridu akausoma uso wangu, akageuka pale pale. "Nani, Abdillah? Aa, dada. Huyu anaendesha polepole, mbuzi wanampita."

"Basi lile bawa la nini? Umesema linafanya kazi kwenye kasi. Kama anakimbia, binti simtoi. Kama hakimbii, amebeba nini kule nyuma?"

"Hata polepole linasaidia."

"Linasaidia nini?"

Faridu akafikiri. "Kivuli," akasema.

Huko nje ungo wa Mokami ulinyamaza. Jumaa alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilijizuia, maana lilikuwa jambo la binti yangu, nikamgeukia yule wa kizingitini.

"Mwanangu, desturi inakukataza kusema. Leo mimi nimekuruhusu. Lile ni la nini?"

Mjomba wake akamtikisia kichwa.

"Shikamoo mama," akaanza Abdillah, kama mtu anayeingia sasa hivi.

"Marahaba."

"Mjomba amesema kweli kuhusu upepo, ila ni kwa magari ya mashindano. Mimi nikizidi sana ni sabini, na hapo barabara iwe nzuri. Tena hili langu linavutwa na matairi ya mbele, na spoila, yaani bawa, inakandamiza ya nyuma. Kwa hiyo halina kazi, mama. Linakula mafuta tu."

"Na ulilifunga kwa nini?"

Akazidi kuinama. "Vijana wa machimbo wanapita hapa na magari yenye mabawa. Niliona Saida anawatazama. Nikaogopa mimi hatanitazama."

Nyuma ya pazia kijiko kilianguka. Faridu akajifunika uso kwa kiganja, kama mtu aliyekwisha kuizika posa yake. Lakini mimi niliwaza hivi: upuuzi wa ujana hupona. Mtu aliyekubali aibu mbele ya wakwe badala ya kusema uongo, siku nikimuuliza mwendo wake, ataniambia.

"Kwangu mimi posa nimeipokea," nikasema.

"Na mimi," akasema Jumaa. "Sasa aulizwe mwenyewe. Dini yetu iko wazi: binti akikataa hakuna ndoa, akinyamaza amekubali."

"Saida anyamaze?" nikamwambia. "Huyo hajanyamaza tangu aote meno."

Saida akatoka nyuma ya pazia na sinia la chai. Akamtazama Abdillah bila kupepesa.

"Nilikuwa nawatazama kwa sababu wananichekesha," akamwambia. "Lile dude unalitoa lini?"

"Leo. Spana ninayo garini."

Jumaa akakohoa, akakaa vizuri, akauliza kwa sauti ya kizee: "Saida binti ya ndugu yangu, umemkubali Abdillah awe mumeo?"

Sote tukamwangalia. Saida akaweka sinia chini, akamimina kikombe cha kwanza, akawaruka wazee wote na kukipeleka kizingitini. Abdillah akakipokea kwa mikono miwili. Saida akampita, akatoka nje kuelekea garini bila kuongeza neno.