Usingizi wa Ng'ambo ya Bonde

Uongo wa siku ile Hyasinti alikuwa ameupanga vizuri wakati anarudi nyumbani. Angesema amemkuta karani wa idara ya maji, karani kamkaribisha kiti, kavitazama vyeti vyake na kumwambia apite tena wiki ijayo. Haukuwa uongo mkubwa. Maneno hayo aliwahi kuambiwa kweli, tena na wengi, ila si siku ile. Siku ile hakufika Mbinga. Tangu Kwaresima ianze alikuwa hajatia mguu mjini.

Usimdhanie mvivu. Alikuwa karani wa mizani, mtu wa kupima kahawa ya wenzake bila kumpunja yeyote, na vyama vya ushirika vilipovunjwa alianza kutafuta kazi kesho yake tu, hakungoja hata machozi yakauke. Alikwenda Mbinga, akaenda Songea, akashuka mpaka Mbamba Bay na Liuli kule ziwani. Wakubwa wa ofisi, wengi wao wageni kutoka mikoa mingine, hawakumtukana. Afadhali wangemtukana! Walimwita ndugu, wakamwambia njoo kesho. Akawa mtu wa njoo kesho mwaka mzima. Kwanza ukamkimbia usingizi. Kisha chakula kikakosa ladha, akawa anakula ili mkewe asiulize. Mwishowe, asubuhi moja alipofika njia panda ya kwenda mjini, miguu iligoma. Haikuuma wala haikuvimba, iligoma tu. Alijihimiza, akajisema, akajitukana kimoyomoyo, wapi. Basi akaiacha njia, akavuka kijito, akapanda kilima cha ng'ambo na kukaa kwenye nyasi. Kuanzia siku hiyo akawa anaamkia huko.

Kwa nini hakumwambia Vitalia, mkewe? Aliona haya, hilo moja. La pili ni balozi wa nyumba kumi, Osward, jirani yao. Miaka ile kila mtu alitakiwa kufanya kazi, na Osward hakuwa na simile: mzururaji alitajwa kwenye mkutano wa kijiji kwa jina lake na la baba yake. Anayetafuta kazi aliachwa. Aliyechoka kuitafuta hakuwa na fungu lake.

Na shamba lilikuwa linangoja. Huko kwa Wamatengo, upande wa Mpepai, watu hulima ngolo kwenye miteremko: mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga ardhini kwa miraba, kisha mwanamke huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika, pakabaki shimo la kunasa maji ya mvua. Nyasi zisipopangwa, jembe la mwanamke halina pa kuanzia. Hyasinti alikuwa amefyeka, hakupanga. Miteremko ya majirani ilikwisha jaa mashimo na maharage yalikuwa yameota, wakati nyasi zake zimelala ovyo. Kila asubuhi Vitalia aliuliza, na kila asubuhi akajibiwa, "Kesho, Mama Urban. Leo nina miadi." Yeye aliyeumizwa na kesho za watu, sasa alikuwa anazigawa nyumbani kwake.

Alipoingia uani jioni ile aliona alama za matairi. Magari hayakuwa na kawaida ya kupanda mpaka kwao.

Vitalia alikuwa mlangoni mwa jikoni, anachambua maharage ya mbegu kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Habari za mjini, Baba Urban?"

"Nzuri. Nimemwona karani wa maji."

"Anasemaje?"

"Nipite wiki ijayo."

"Na Bwana Mshamu hukumwona?"

Bwana Mshamu alikuwa ofisa wa maghala pale wilayani, mtu wa Lindi. Ndiye pekee ambaye hakumwambia njoo kesho; alimwambia, "Ikitokea nafasi nitakutafuta mwenyewe." Hyasinti hakumwamini.

"Nilimwona kwa mbali," alisema.

Mkono wa Vitalia ulitulia juu ya ungo. "Alikuwa hapa. Kakaa kwenye hicho kiti chako."

Hyasinti alitaka kukaa, akaona kiti chenyewe ndicho hicho, akabaki kasimama.

"Anatakiwa karani wa ghala Mbamba Bay," Vitalia aliendelea. "Usaili ni kesho asubuhi. Amekutafuta mjini siku nyingi, watu wakamwambia hawajakuona tangu Jumatano ya Majivu. Akasema, basi mwite, nimpakie sasa hivi niende naye."

"Ukamjibuje?"

"Nikamjibu hupo, na sijui ulikokwenda."

"Mama Urban!" Sauti yake ilipanda hadi kuku wakatawanyika. "Mwaka mzima! Mwaka mzima nimemaliza viatu, kazi inakuja na gari mpaka mlangoni, wewe unasema hujui? Ungemwomba angoje!"

"Nilijua ulipo." Alinyoosha kidevu kuelekea kilima cha ng'ambo. "Shati jeupe linaonekana. Nalifua mimi, nitashindwa kulijua? Nakuona tangu siku ya kwanza."

Hyasinti aligeuka kutazama. Kweli, kilima kile kilikuwa wazi kabisa, hata mbuzi mmoja mmoja ungeweza kumwona. Kwao mteremko hutazamana na mteremko, watu husalimiana bondeni bila kushuka, na kumwita mtu wa ng'ambo ni kukinga mikono mdomoni tu. Amezaliwa hapo, akaenda kujificha mbele ya macho ya mkewe! Aibu ilimwaka usoni.

"Kama uliniona, kwa nini hukuniita?"

Vitalia aliweka ungo chini.

"Nilikwenda hadi ukingoni mwa shamba. Nilikwisha kinga mikono. Nikaona umelala, Baba Urban. Umelala chali, mikono umeiachia, kofia imebiringika huko. Ndani humu mwaka mzima hulali. Nakusikia unavyogeuka mpaka majogoo. Sikuweza. Nikarudi nikasema hupo. Tangu gari liondoke najuta. Nikikumbuka ulivyolala sijuti, halafu najuta tena. Nitukane kama unataka."

Hyasinti aliitafuta hasira yake asiione. Alichokikuta rohoni ni nafuu, nafuu tupu, kama mtu aliyeambiwa safari imeahirishwa. Ikamtisha kuliko hasira. Mwanamume gani hufurahi kukosa kazi?

"Hujachelewa lakini," Vitalia alisema upesi, na sasa alikuwa amesimama. "Ukishuka sasa hivi kwa njia ya Kingerikiti, utatembea usiku kucha, lakini asubuhi utakuwa ziwani. Nimekufungia viazi."

Alikiweka kifurushi mikononi mwake. Kilikuwa bado na joto. Hyasinti akapiga moyo konde, akaanza kutembea, akafika kwenye miti ya kahawa iliyo mwishoni mwa ua. Hapo miguu iligoma tena. Akasimama na kifurushi chake kifuani, mkewe nyuma anamtazama, giza linakaribia, na kila dakika iliyopita ilikuwa inamlia muda wa safari.

"Hodi hapo!"

Osward alikuwa anapanda kutoka kijitoni, nyengo yake ya kufyekea begani. "Afadhali nimekukuta. Lile gari la serikali lilitaka nini? Kijiji kizima kinaniuliza mimi."

Vitalia hakumpa mumewe nafasi. "Ameitwa kazini, balozi! Mbamba Bay. Ndiyo anaondoka hivi."

"Lo! Hongera sana!" Osward akamshika mkono, akautikisa kwa furaha ya kweli. "Nilikuwa nasema mimi, Hyasinti si wa kukaa. Nitalitangaza mkutanoni!"

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Angepokea hongera zile, angeshuka bondeni hadi asionekane, na kesho angerudi na uongo mwingine. Alimtazama Vitalia, akaona yuko tayari kumbebea na huo.

"Siendi," Hyasinti alisema.

"Huendi wapi?"

"Mbamba Bay. Wala Mbinga siendi, nina wiki nyingi sijafika. Nashinda kwenye kilima kile pale. Gari lilipokuja nilikuwa nimelala."

Osward aliuachia mkono wake. "Unaumwa?"

"Nimechoka. Nimechoka kutafuta kazi, Osward, mpaka miguu haitaki. Nikalale kwanza. Nikiamka nitapanga nyasi za mwenzangu, na kazi nitaitafuta nikiweza."

"Sasa mkutanoni mimi nitasema nini?"

"Sema hivyo hivyo. Hyasinti, mtoto wa Pankras, amechoka."

Osward aliutazama mteremko wenye nyasi zilizolala ovyo, akamtazama Hyasinti, akaishusha nyengo begani. Nyuma yao Vitalia alikaa chini palepale mlangoni, miguu ameinyoosha, akalia kwa sauti kama mtu aliyetuliwa mzigo, na wanaume wale wawili hawakumwambia anyamaze.