Shamba la Chilewa

Niliota jana usiku neno la Kiingereza limekaa juu ya kinu changu, limekunja nne, linajipepea kwa ungo wangu.

"Wewe nani?"

"Squander. Binti yako Sechelela alinisoma jioni kwenye kitabu chake, akasema maana yangu ni kutapanya. Nimekuja kwenye kesi."

Kesi ni ya mume wangu, Chilewa. Mvua imeshashuka, wenzetu wako mashambani, naye mbegu yetu yote ya mtama kaibeba kilabuni, kaigeuza pombe, kanywa na rafiki zake.

"Kwenu ni wapi? Baba yako nani?" nauliza, maana mgeni huulizwa ukoo.

"Hajulikani. Wataalamu wa lugha wamemtafuta mpaka wamechoka."

"Pole. Wa kwangu anajulikana, na haijanisaidia."

"Ujanani nilikuwa natawanya tu," linalalamika. "Kondoo, meli, majeshi. Hii ya kuharibu mali, watu wamenipachika."

Chilewa, aliyepandishwa kizimbani ndani ya pipa, anachangamka. "Umesikia, mama Sechelela? Nimetawanya! Na anayetawanya mbegu si ndiye mpandaji?"

Neno linafikiri. "Kisheria, amepanda."

"Amepanda wapi, baba Sechelela?"

Mara tuko kilabuni. Mtama umeota kwenye mabenchi, kwenye viatu, kwenye mifuko ya walevi. Kopo la pombe linaniamkia: "Shikamoo mama. Palilia polepole, huyu wa pembeni bado amelala."

Napalilia walevi. Naomba radhi kila ninapokata kucha ya mtu. Mashuke yanakomaa, navuna, natia kapuni. Kila punje ikigusa kapu inasema, "Nimeshanywewa, mama," inatoweka.

"Basi nikusanyie!" nalipigia neno kelele. "Wewe si ndiye uliyetawanya?"

"Kukusanya ni neno jingine."

"Niitie."

"Hatusalimiani."

Nikaamka. Mvua inagonga bati. Chilewa anakoroma, amenigeuzia kisogo, na ndani ya sikio lake limesimama chipukizi la mtama, majani mawili, mabichi kabisa.

Sikuling'oa. Nilichota maji kwenye kata, nikalimwagilia kidogo kidogo, nikamfunika shuka vizuri asijigeuze. Mwaka huu ndilo shamba tulilo nalo.