Bango la Pai kwenye Msumari wa Lucien

"Mimi sijawahi kumwonea mtu wivu tangu nizaliwe," alisema Rosealma Thibault, na kabla maneno hayajapoa mdomoni alikuwa ameshanyoosha shingo kukagua viatu vya Fernande Ouellette. "Vya kuazima vile. Mtazame. Mguu unacheza ndani kama kengele."

Normand, shemeji yake, alichekea puani. Ndiye aliyemleta mahakamani asubuhi ile katika gari lake linalonuka mbwa. "Basi hujamwonea wivu, shemeji. Umempima mguu tu."

"Nina macho. Nifanyeje, niyafumbe?"

"Na koti?"

"La dada yake, lile la mazishi. Na nywele kazitia rangi kwa ajili ya jaji. Kwa umri wetu huu! Mtu anakwenda kulishtaki jiji au anakwenda kuposwa?"

Walikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, Rosealma amepakata pai iliyofunikwa kitambaa. Mlinzi wa mlangoni alikuwa ameipitisha kwenye mashine ya kukagua mizigo, akaitazama kwenye kioo, akamwambia kwa heshima zote kwamba haina silaha. Upande wa pili wa ukumbi Fernande alikuwa amesimama amekumbatia faili, na mwanamke wa gazeti ameinama mbele yake kama padri anayesikiliza maungamo.

Fernande ndiye aliyelishtaki jiji. Fernande huyu huyu, mshona viatu mstaafu kama Rosealma, aliyekaa mashine ya pembeni yake kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, akiazima sindano kali na kurudisha butu. Baraza lilikuwa limeiandika upya katiba ya jiji: kata zifutwe, madiwani wachaguliwe na jiji zima, na kura zote zipigwe ng'ambo ya mto, katika ukumbi wa michezo wa sekondari. Waliojitokeza kuipigia kura walikuwa watu wachache tu, ikapita. Ndipo Fernande, bila wakili, bila hata miwani inayomfaa, akaenda kufungua kesi. Katiba hii ni batili, alisema, kwa sababu sheria inataka tangazo la kikao cha wananchi cha kuijadili libandikwe katika kila kata, mahali linaposomeka, na katika kata yetu ya Wafaransa, huku chini ya viwanda, hakuna aliyeliona.

Watu wakasema, huyu mama ana moyo. Hapo ndipo Rosealma alipochomwa. Kushtaki jiji hakukumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua ni Fernande kutajwa kila mahali.

Maana katika kata ile, mtu wa kutajwa alikuwa yeye. Siku nyingine zote za mwaka alikuwa mjane anayefagia ngazi za kanisa la Mtakatifu Cyprien na kusalimiwa juu juu. Siku ya kura alikuwa malkia. Kura zilipigwa katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na tangu enzi za marehemu mumewe Lucien palikuwa na meza moja ya pai, yake. Foleni ya wapiga kura ilijikunja mbele ya meza ile, na hapakuwa na diwani wala fundi bomba aliyepita bila kuinama na kunusa. "Rosealma, ya tufaha imebaki? Rosealma, niwekee ya sukari, nikapige kura kwanza." Jina lake lilitajwa siku ile kuliko la mgombea yeyote.

Na pai zenyewe zilistahili. Mafuta ya nguruwe aliyakata yakiwa baridi kama jiwe, akayafikicha ndani ya unga kwa ncha za vidole tu, kwa sababu kiganja kina joto na joto huharibu. Maji ya barafu aliyatia kwa kijiko. Unga ukishashikana hakuukanda. Aliuacha utulie kama mgonjwa. Lucien alizoea kusema mkewe ana mkono laini kwa unga tu, watu wengine wote wanaonja ule wake mgumu.

Katiba mpya ikisimama, meza inakufa. Sekondari haikuruhusu hata chembe ya mkate juu ya sakafu yake inayong'aa.

Sasa sikia jambo ambalo hakuna aliyelijua ila Rosealma na kuta za ukumbi. Tangazo lilibandikwa. Siku ya kura ya bajeti ya shule, asubuhi mapema, mtu wa jiji alikuja na karatasi yake, akaibandika katikati ya ubao wa matangazo, akaondoka. Baadaye kidogo Rosealma akaingia na bango lake, kitambaa cha meza cha plastiki alichokiandika kwa rangi nyekundu: PAI ZA ROSEALMA. Bango lile lina msumari wake juu ya ubao, msumari alioupigilia Lucien kwa mkono wake. Rosealma aliliona tangazo. Herufi ndogo kama chawa. Akajisemea, mambo ya maji taka tena haya, akatundika bango juu yake. Haikubaki nje hata pembe.

Kwa hiyo Fernande alikuwa anasema kweli, ila hakujua kwa nini ni kweli. Neno moja kutoka kwa Rosealma lingetosha. Angekwenda kugonga mlango wa pili, maana walitenganishwa na uzio tu, akasema: mwenzangu, nililifunika mimi. Kesi ingekwisha, kata ingebaki, meza ingebaki.

Alikuwa hata ameshavaa koti la kwenda huko, Jumapili moja baada ya misa, aliposhuka kwanza ukumbini kuchukua ufagio. Picha ya Fernande ilikuwa imetoka gazetini, ameinua kidevu mbele ya ofisi za jiji. Kamati ya parokia ilikuwa imeikata, ikaitia kwenye fremu. Na ilikuwa imening'inia kwenye msumari wa Lucien.

"Nani kaitundika hapa?" aliuliza.

"Mimi," alisema padri, amefurahi. "Si vizuri? Msumari ulikuwa upo tu."

Msumari ulikuwa upo tu. Rosealma alirudi nyumbani, akavua koti, akaoka pai, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe ikaungua.

Haikupita wiki, wakili wa jiji, bwana Haskell, akaja kukaa jikoni kwake na tai yake ya hariri. Alikuwa ameambiwa kwamba siku ya kura mama huyu hatoki ukumbini toka asubuhi mpaka milango ifungwe.

"Unakumbuka kama tangazo lilikuwepo ubaoni, mama?"

"Lilikuwepo."

"Lilisomeka?"

Kwenye mlango wa friji ya Rosealma hapakuwa na ile picha ya gazeti, lakini aliiona pale. "Peupe kabisa," alisema. "Asiyeliona hakutaka kuliona. Wapo wengine miwani wanavaa kwa urembo."

Wakili alikula vipande viwili. Alipoondoka Rosealma alikaa akitazama makombo, akijua vizuri kabisa kwamba ameichinja meza yake mwenyewe. Alitegemea moyo utamuuma. Uliuma kidogo. Kisha ukakumbuka fremu ile, ukatulia.

Na ndiyo sababu sasa mlango ulifunguliwa, jina lake likaitwa, na Normand akaachiwa pai.

"Usiiguse."

"Hata kuinusa?"

"Nusa ukiwa mbali."

Jaji alikuwa mwanamke mwenye mafua, pua nyekundu, leso mkononi. Rosealma aliinua mkono wa kulia akaapa. Aliona unga kwenye mikunjo ya vidole vyake, akatamani angekuwa amevaa glavu.

Haskell alimwongoza kwa upole, kama mtu anayemvusha bibi kizee barabara. Alikuwepo ukumbini? Alikuwepo. Siku nzima? Siku nzima, hata chooni alikwenda mbio. Tangazo lilikuwepo? Lilikuwepo. Mtu aliye kwenye foleni angeweza kulisoma? Angeweza. Haskell akamshukuru, akaketi akiwa ameshiba.

Jaji akapenga kamasi. "Bibi Ouellette, wewe ndiwe mlalamikaji na huna wakili. Una maswali kwa shahidi?"

Fernande alisimama. Kiatu kilibaki nyuma kidogo, akakifuata.

"Nina machache, Mheshimiwa." Aliifungua faili, akaitazama, akaifunga. "Rosealma. Habari za asubuhi."

"Tulionana asubuhi. Ulikuwa unaanika taulo."

"Tafadhali," alisema jaji.

"Rosealma, siku ile mimi nilikuwa kwenye foleni. Foleni ilisimama sana, mashine ilikuwa imekwama. Nilisimama mbele ya ubao ule mpaka miguu ikafa ganzi. Sikuona tangazo."

"Ni macho yako hayo. Mimi nifanyeje?"

"Bango lako la pai ulitundika wapi?"

Rosealma alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi. Hilo hakulitarajia. "Siku ile sikutundika."

"Hukutundika?"

"Nililisahau nyumbani. Binadamu husahau."

Kwenye viti vya nyuma Normand aliacha kunusa pai. Bango lile alikuwa amelibeba yeye mwenyewe siku ile, limekunjwa chini ya kwapa.

Fernande aliiweka faili mezani. Alionekana kama mtu aliyeshindwa, mabega yameshuka ndani ya koti la dada yake. "Aa," alisema. "Basi ndiyo maana. Nimejiuliza miezi yote hii."

"Umejiuliza nini?"

"Hapana, si kitu."

"Sema, umejiuliza nini?"

"Mheshimiwa," alisema Haskell, "shahidi ndiye anayeulizwa, siye anayeuliza."

"Nilijiuliza kuhusu biskuti zangu," alisema Fernande, na kumgeukia jaji kwa unyonge. "Siku ile nami niliweka kisahani cha biskuti mlangoni, Mheshimiwa. Za asali ya miwa. Mara zote narudi nazo nyumbani, nakula mwenyewe wiki nzima. Siku ile ziliisha asubuhi asubuhi."

"Napinga," alisema Haskell. "Biskuti zinahusiana nini na katiba ya jiji?"

"Hata mimi nasubiri kujua," alisema jaji. "Fupisha, Bibi Ouellette."

"Ninafupisha. Watu walikuwa wanaingia, wanatazama huku na huku, wananiuliza mimi, 'Leo Rosealma hayupo?' Sasa naelewa. Bango halikuwepo. Wakawa wananunua zangu." Alimtazama Rosealma kwa huruma iliyojaa uso mzima. "Na wewe ukarudi na pai zako, maskini. Sikutaka kukuambia, sisi majirani. Wengine walisema mkono wa Rosealma siku hizi umekuwa mzito. Unga umekuwa mgumu. Mimi nilikutetea. Nikasema, jamani, ni uzee, na kila mtu ana siku yake, pai zikibaki zimebaki."

"Zikibaki!"

"Nasema tu walivyosema."

"Zilibaki? Pai zangu?" Rosealma alikuwa ameshasimama kizimbani na hakujua ameinuka saa ngapi. "Haikubaki hata sahani ya kulamba! Fundi bomba alitaka kupigana na diwani kwa kipande cha mwisho! Hawakuniona? Nani hakuniona? Bango langu lilikuwa palepale kwenye msumari wa mume wangu, kubwa hivi," akatanua mikono mpaka kiwiko kikagonga kipaza sauti, "limeufunika ubao wote kutoka huku mpaka huku, jekundu, hata kipofu angelisoma! Hapakuwa na kitu kingine cha kuonekana pale zaidi ya jina langu!"

Vidole vya mwandishi wa mahakama viligonga maneno ya mwisho, vikakoma.

Haskell aliweka kalamu mezani taratibu, kama inayoweza kuvunjika. Jaji alikuwa ameinua leso puani na hakupenga. Kule nyuma, mwanamke wa gazeti alikuwa anageuza ukurasa.

Fernande hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake, akaketi, akavua kiatu kimoja chini ya meza na kuusugua mguu.

"Bibi Thibault," alisema jaji kwa sauti ya mafua, "bango lililosahauliwa nyumbani?"

Rosealma alimgeukia jaji. Mikono yake ilikuwa bado imetanuka hewani, upana kamili wa bango, unga mweupe kwenye mikunjo ya vidole, na hakujua aishushe wapi.